Kuni za Ndani ya Maji

Ambeva, fundi wa mawe, alinikuta Jumanne
nimechuchumaa kando ya bwawa langu, hapa Emuhaya,
mikono inang'aa mafuta ya alizeti hadi viwikoni.
Akacheka. "Samaki unamkaanga akiwa hai?"

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu:
pumba za mchele kilo nne, omena ya kusaga mbili na nusu
(omena ya Kibuye, iliyovunjika vichwa, ya bei ya kuonewa huruma),
soya ya kukaanga, unga wa muhogo wa kushikamanisha,
na mafuta: kikombe cha chai na kidole kimoja juu yake.
Kidole ni changu. Kitabu hakikijui kidole changu.

Mwaka uliopita sikutia mafuta.
Niliambiwa samaki ni nyama, mpe cha kujenga nyama,
nikauza mbuzi, nikanunua omena, omena, omena.
Miezi minane. Nikavuta wavu,
vikatoka vichwa vyenye mikia.
Maji yalikuwa kijani cha shati la jeshi,
yananuka mkojo wa zizini.
Hapo nikajua mbuzi wangu alikokwenda:
alichomwa, akatokea mashavuni mwa samaki, akaharibu maji.

"Sikiliza, Ambeva, wewe unayejenga.
Mvua imekufungia ndani, kuni zimeisha,
chungu kiko mekoni, watoto wanakutazama.
Utavunja kiti. Kesho utavunja mlango.
Kesho kutwa utapanda juu kutafuta boriti.
Ugali utaiva, sikatai,
lakini nyumba utakuwa umeila."

Ndivyo alivyo samaki asiye na mafuta:
anapikia nguzo zake.

Akakalia debe. Akasema, endelea.

Nikamweleza ninavyojua mimi,
niliyeiacha biolojia kidato cha pili
mwaka ambao karo ilinunua jeneza la baba.
Kwamba tone la mafuta likishuka tumboni linachanwa,
linabebwa na damu kama gunia mgongoni mwa hamali
mpaka kwenye ule ukanda mweusi wa ubavuni,
ile nyama ambayo wewe, Ambeva,
huitenga pembeni ya sahani ukisema ina uchungu.
Hapo ndipo jikoni. Hapo mkia hupata kwenda na kurudi,
kwenda na kurudi, kutwa nzima.
Asidi ya mafuta ni mnyororo mrefu,
na jiko hilo halimezi mnyororo.
Hukata pete mbili, huchoma, hukata mbili tena, huchoma,
kama Kadenyi na muwa wake, pingili kwa pingili.
Na si yote yachomwayo. Yapo mafuta ya omena,
yaliyopindapinda, yasiyoganda hata Julai;
mengi ya hayo samaki huyaweka machoni na ubongoni.
Hata sisi tuna mbao tusizopikia.

"Na asipokula?"

Nikamwonyesha jike mmoja
chini ya ubao ninaosimamia, kidevu kimemvimba.
Ana mayai kinywani. Leo siku ya tisa.
Chakula kinampita puani, anakitazama
kama barua ya mtu mwingine.
Akifungua mdomo ale, atameza ukoo.
Basi anaishi kwa kikombe changu cha mwezi uliopita,
kikombe na kidole,
kilichojipanga kando ya utumbo wake, cheupe kama samli,
anakimega pete mbili, pete mbili,
gizani, bila moshi.

Ambeva alichovya kidole katika mchanganyiko wangu,
akaonja, akatema.
"Chumvi hukutia."

Jioni akarudi na chupa ya soda:
mafuta ya mkewe yaliyobaki kwenye mandazi, meusi kama lami.
Nikayakataa. Mafuta yaliyochoka hayana kuni, yana sumu.
Alininunia mpaka Ijumaa.

Jumamosi jike alifungua mdomo. Sikuwapo.
Nilikuta vumbi lenye macho
likimzunguka kichwani,
naye anatafuna.