Samahani Zenye Waya

Jumamosi, jua halijavuka paa la jirani,
nimefungua kabati la kona,
lile ambalo tangu masika ya mwaka juzi
halifungwi ila kwa goti.

Kilichotangulia kutoka ni waya.
Waya juu ya waya, zimesokotana
kama matembele ya shamba lililokosa mwenyewe.
Ukivuta huu, tosta inagonga sakafu.
Ukivuta ule, inakuja blenda,
na nyuma yake blenda ya pili.

Tosta ilishuka na treni ya kutoka Dar.
Kasanda, mkaguzi wa tiketi, alisema siku nne,
akakaa kumi na moja.
Alitoka stesheni amelikumbatia boksi
kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa dada yake,
na kabla sijauliza akanionyesha picha:
mwanamke anacheka, vipande viwili vya mkate vinaruka hewani.
Mkate wetu wa Isevya ulikataa kuingia.
Mnene. Tukauchonga ubavu, tukausukuma,
ukaungua sikio moja.
Swali langu likabaki mdomoni, na makombo.

Blenda ya kwanza ni ya mwezi ule simu yake haikupatikana.
Ya pili ni ya mwezi ilipopatikana
na sauti nyororo ikaniambia nimekosea namba.

Ile mashine ya vimkate vya miraba,
hata leo sijui jina lake,
ni ya msiba wa mama yangu.
Alifika nayo siku tunaanua matanga.

Nilizifuta vumbi, nikazirudisha.
Za wageni, nilisema nilipoulizwa.
Na wageni walikuja. Wifi yangu Kalunde, kutoka Urambo,
na wanawe wote, wakala matobolwa kwa karanga,
wakalamba vidole, wakalala.
Hakuna aliyeuliza mkate unaoruka uko wapi.

Saa nne akapita kijana wa vyuma chakavu,
baiskeli, kipaza sauti, mizani ya kuning'iniza.
"Plastiki hatupimi, mama."
Akalivunja ganda la blenda juu ya jiwe langu la kufulia,
kwa adabu kabisa, kama anamenya muhogo.
Nilidhani nitaumia.
Nilisikia njaa.

Kilo sita na robo.
Miaka kumi na tisa ya samahani, kilo sita na robo,
na hiyo robo, nadhani, ni kutu.
Akanihesabia elfu tano, noti zinanuka grisi.

Kasanda yuko kibarazani, mstaafu, yeye na redio.
Hakuinuka. Alisema tu:
"Ile ya pili ilikuwa nzima."
"Najua. Ndiyo maana nimeanza nayo."
Akapunguza sauti ya redio. Kisha akaizima.

Rafu nimeisugua kwa majivu.
Zimebaki alama ndogo za duara, nne nne,
miguu ya mpira iliyosimama pale bila kwenda popote.
Sijaweka kitu juu yake.
Nimeingiza mkono tu, hadi kwenye kiwiko,
haukugonga chochote. Nikauingiza tena.

Jioni amekuja jikoni,
chumba anachokijua kwa kuchungulia.
"Jagi la umeme umeliacha?"
Nimeliacha. Lina kesi yake, ya ada ya Mihayo,
ila linachemsha.
Akalijaza maji, akachomeka,
akasimama mikono kifuani kama abiria.

Umeme ukakatika.

Tukabaki gizani, kila mmoja
anamngoja mwenzake acheke.
Kisha nikasikia anapapasa ukutani,
kikombe kikaanguka, hakikuvunjika,
akauliza, polepole, kama mgeni
aliyefika usiku kwenye nyumba ya watu,
mkaa huwa unakaa wapi.