Kufuli

Kwetu haikunyesha siku ile.
Jumatano, jua la kuanika mihogo.
Mvua ilikuwa ya wenzetu, huko juu, bara;
sisi tukaletewa maji yake
kama deni la ndugu uliyemdhamini.

Sabaki ilianza kwa kunong'ona kwenye bamia,
ikalamba mahindi yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa ndevu,
ikaingia jikoni kwa Mbodze bila hodi,
ikaondoka na kinu, ikaacha mchi.
Kuku walipanda mkorosho. Sisi tukapanda barabarani.

Usiku tuliitana majina gizani.
Tsuma? Yupo.
Nyevu? Yupo, na mtoto.
Ngumbao?
Ngumbao alirudi kufungua mbuzi.
Mbuzi walifika.

Shuleni, madarasa mawili kwa nyumba arobaini,
maji pande zote na hakuna la kunywa.
Malindi mjini nako, tulisikia, mabomba yamekauka:
mtambo umezama katika mto ule ule uliokuwa ukiukamua.
Afisa akaja na karatasi. Umepoteza nini?
Nyevu akamuuliza, kalamu yako ina wino kiasi gani?

Kisha mto ukaanza kutema.
Viatu vya upande mmoja. Boga zima. Mzinga wa nyuki.
Deski lenye jina la shule tusiyoijua.
Na mlango,
wa mbao, rangi ya kijani,
umeng'oka na fremu yake, na kufuli limefungwa.

Mtu fulani, huko juu, aliondoka nyumbani akafunga.
Akalivuta mara mbili, kama tufanyavyo sote.
Ufunguo anao.

Tuliulalia mlango ule wiki tatu, watoto watano kwa zamu.
Tukambeba juu yake Ngumbao
alipopatikana kwenye mikoko, karibu na bahari.

Maji yakaenda, tope likabaki hadi magotini,
jekundu, laini, la kuotesha chochote,
na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nimejenga tena, juu kidogo. Si mbali; niende wapi?
Jefwa fundi alitaka kulikata kufuli kwa msumeno.
Nikamkataza. Akahamisha bawaba zikakaa upande wake,
sasa mlango unafunguka kinyume.

Wageni hushangaa: kufuli limefungwa, na watu tumo ndani.
Kila mwezi wa tatu, kabla ya masika,
nalipaka mafuta ya nazi
lisishike kutu.