Masahihisho, Ukurasa wa Nane

Unaniuliza, Ignacia, nilisomea wapi uandishi wa habari.
Cheti changu kinasema misitu.
Miaka mitano Concepción, kupima vipenyo vya misonobari,
kuhesabu pete za umri kwenye visiki,
huku mvua ya Julai ikigonga mabati ya maabara
kama mdai wa kodi.

Gazeti lilikuwa chini ya ngazi za bwalo:
chumba cha mifagio kilichopandishwa cheo,
mashine ya kurudufu yenye kutapika wino,
na Lautaro, wa hisabati, mhariri kwa sababu tu
ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Nilifuata joto. Nakuambia kweli.
Bwenini tulilala na makoti;
kule chini palikuwa na jiko la mafuta ya taa, na chai,
na mkono mtupu haulambwi: ukitaka moto, andika kitu.
Nikaandika kuhusu maharagwe.
Maneno mia mbili, kwa nini bei ya sahani imepanda
na upawa wa mpakuaji umesinyaa.
Nilikwenda kwa mhasibu, nikauliza. Akacheka.
Nikarudi kesho yake, nikauliza vilevile.
Hakucheka.
Siku ya tatu alifunga mlango,
na hapo, mwanangu, ndipo nilipojua kuna habari.

(Sikuipata yote. Alistaafu kwa keki na hotuba.)

Halafu akafa mlinzi wa maktaba,
yule wa zamu ya usiku, aliyetuamsha
kwa kugonga meza kwa kidole kimoja,
polepole, asituaibishe mbele ya vitabu.
Lautaro akasema: mistari kumi, kabla ya saa nne.
Niliandika kumi na miwili. Nikaipamba.
Nikatia tochi yake, fimbo yake, ukimya wake,
nikalia kidogo kwa uzuri wa sentensi zangu.
Nakala mia tatu. Ziliisha kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu akaja mwanamke, viatu vimelowa,
kikapu cha sokoni mkononi. Bi Otilia.
Hakuja kugomba. Alitoa kitambulisho cha marehemu,
amekifunga kwa nailoni ya mkate,
akakiweka mezani, juu ya wino wetu.

"Baeza," alisema. "Kwa zeta. Wewe umetia ese.
Najua, kwa sikio ni mamoja.
Lakini hakujua kusoma mpaka alipotimiza arobaini,
na herufi ya kwanza kumtii ilikuwa hiyo.
Aliichora kwenye mvuke wa dirisha la jikoni,
zeta, zeta, zeta, hadi chai ikapoa."

Akafunga kikapu. Kisha, mlangoni:
"Tena hakuwa na fimbo."

Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi.
Nikamwuliza yale niliyopaswa kumwuliza mwanzo,
nikayaandika kwenye daftari la misonobari,
kati ya vipenyo na vimo, karatasi ikilowa.
Toleo lililofuata: masahihisho, ukurasa wa nane,
mistari mitatu, bila pambo.
Hakuna aliyeisoma. Bi Otilia aliikata kwa mkasi.

Baba alitaka niwe bwana shamba wa miti, nivae buti za kampuni.
Nilibeba vipande vyangu vya magazeti hadi Temuco
kwa mhariri mmoja mwenye mafua.
Aliyapita maharagwe, akayapita maandamano,
akafika ukurasa wa nane, akapenga kamasi.
"Nani alikulazimisha?"
"Hakuna."
"Ajali na mahakama. Zamu ya usiku. Uje na koti."

Ndiyo hivyo. Sasa nipe hiyo habari yako ya moto wa jana.
Hapa umeandika mama "alitabasamu kwa huzuni".
Ulimwona, au ni utamu wa kalamu?
Mpigie simu. Bado mapema.
Na jina la binti yake, hili hapa,
lina hache mwanzoni, au halina?