Niite Tena

Miaka ishirini na sita niliisikiliza lami.
Usiku, Ruwi ikishatulia,
ncha moja ya ufito wa chuma chini,
ncha ya pili kwenye mfupa nyuma ya sikio,
na maji yanayovuja yakinieleza yalipo.
"Chimbeni hapa," nasema, nachora duara la chaki.
Wanachimba. Nilikosea mara moja tu,
tena kwa shibiri mbili,
na Hamdun msimamizi akaisimulia mpaka anastaafu.

Leo simu inalia, naifuata jikoni.
Kumbe imo mfukoni mwa kanzu niliyoivaa.

Msidhani sisikii. Nasikia.
Daktari wa Khoudh, kijana, mwanawe Ghanima,
alinifungia katika kichumba chenye kuta za sponji,
akanipigia milio myembamba kama uzi,
na kila mlio nikainua kidole.
"Kwa umri wako, baba, si haba."
Kisha akaniambia: sauti hufika sikio moja kwanza,
la pili baadaye, kitambo kifupi kuliko kupepesa kope,
na kichwani mna karani wa kupima tofauti hiyo.
Masikio yako kazini. Aliyezeeka karani.
Watu husema sikio la kufa halisikii dawa;
langu dawa linaisikia, halijui tu iko rafu ipi.

Mwezi wa saba kikaingia kitu nyumbani kwetu, Mabela.
Ti!
Kimya, muda wa Alhamdu mbili za taratibu.
Ti!
Shinuna akasema nyenje.
Nyenje gani, nikamuuliza, anayelia kwa saa?
Hata hivyo nikanunua dawa, nikapuliza nyuma ya jokofu.
Tukakohoa sisi; nyenje akaendelea na yake.
Nikazima viyoyozi vyote, joto lile,
nikakaa gizani jasho likinichuruzika, pumzi nimeibana,
mimi niliyesikia tundu la sindano
chini ya changarawe na lami na lori lililoegeshwa.
Ti! Chumba cha wageni.
Ti! La, ngazini.
Ti! Ukutani.
Ti! Ndani yangu mwenyewe, labda.
Siku ya tatu nikautoa ufito nyuma ya mlango,
nikautega ukuta baada ya ukuta.
Kuta zikanieleza mambo ya kuta.

Ijumaa akaja Lujaina, mjukuu, miaka sita,
kiatu kimoja bado kimo mguuni.
Ti!
Hata hakusimama. Kidole juu, darini:
"Babu, king'ora cha moshi kinataka betri,"
akapita zake kutafuta halua.

Nilipanda kiti, nikatia betri, nikabaki pale juu kidogo.
Nisifiche: nilimwonea kijicho mtoto yule.
Karani wake bado ana wino mbichi.

Na zamani Shinuna akiita "Thani!"
nilijua chumba, nilijua amesimama au ameketi,
nilijua kama ni chai au ni ugomvi.
Ugomvi bado naujua.
Mlango ndio siujui; jina langu huja kwa milango yote,
na mimi katikati ya ukumbi
nageuza kichwa huku na huku
kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe.

Tumeafikiana. Siitiki tena "naam".
Nasema, "Niite tena."
"Thani." Hatua tatu, nasimama.
"Niite tena."
"Thani!" Si huku. Narudi.
Mara ya tatu jina humwisha hamu, hupaza:
"Niko pale pale uliponiacha tangu asubuhi
na vitunguu vyangu, na wewe hujaleta hata kisu!"

Maelekezo hayo hayana maana yoyote.
Lakini ni marefu, yana mkia,
nami naushika mkia huo, nauvuta taratibu,
mpaka kwenye harufu ya vitunguu.
Kisu nimekisahau.