Ishirini na Kumi

Huko Kutaisi hawana thelathini.
Wana ishirini na kumi,
na wagonjwa wa Daktari Mzevinar huhesabu kurudi nyuma kutoka hapo,
dawa nyeupe kama maziwa ikiwashuka mshipani.
Hakuna aliyewahi kumfikishia ishirini.

Miaka thelathini na mmoja
(kumradhi: ishirini na kumi na mmoja)
amewazima watu kwa mkono huu wa kushoto
na kuwawasha tena, karibu wote.
Kwa ajili ya hilo "karibu" huwasha mishumaa miwili,
myembamba, ya nta, kwenye sinia la mchanga kanisani.
Hamwambii padri ni ya nani.

Sisi kazi yake tunaiita nusukaputi.
Nusu ya nani? Na nusu iliyobaki
inangojea wapi, nani kaishika mkono?
Na roho, kwetu, ni ile iendayo kwa Mungu
na ni hili koo pia, linalokauka kwa kiu, linalokabwa.
Kwa hiyo nikisema kila siku, saa mbili asubuhi,
anapitisha mpira rohoni mwa mtu,
sifumbi fumbo.

Jumanne aliletwa Ambrosi, mfinyanzi wa mitungi ya mvinyo,
ile inayozikwa ardhini hadi shingoni.
Nyongo imejaa vijiwe.
Mkononi, msalaba wa tawi la mzabibu,
mikono yake imelegea, umefungwa kwa nywele za marehemu mkewe.
Mzevinar akauviringisha kwa shashi, akautia mfukoni.

"Unanipeleka wapi?"
"Sikupeleki. Nakuzima."
"Taa ikizimwa, mwanga huenda wapi?"
"Hesabu," akasema.

Alihesabu kwa besi yake ya kanisani,
ile inayowabeba wenzake mgongoni.
Ishirini na saba.
Basi.

Watu hudhani ni kimya. Si kimya.
Kwenye skrini mawimbi yanapanuka, mazito, ya polepole,
seli kwa mamilioni zikitamka neno moja,
neno moja, neno moja,
kama uwanja uliofurika washangiliaji
na hakuna mechi.
Mbele ya ubongo hakusemezani tena na nyuma.
Wanafunzi wake huwaeleza hivi:
mnazijua nyimbo zetu, sauti tatu,
kila moja na njia yake, zinagombana, zinaumana,
kisha zinakutana mahali ambapo
hakuna hata moja iliyokusudia kufika.
Huo ndio ufahamu. Nadhani.
Dawa hainyamazishi kwaya.
Inawapa wote sauti moja.

Kijana mmoja, Luarsabi, akauliza:
"Na anayeusikiliza wimbo, ni nani?"
Akamtuma akalete glavu.

Baada ya saa tatu, mpira umetolewa, midomo mikavu,
Ambrosi akasema:
ishirini na sita.

Hakukuwa na giza alilolipita.
Wala handaki, wala nuru, wala mke.
Jambo hilo lilimuuma kuliko mshono.
"Hata ndoto, daktari?"
"Hata ndoto."
"Basi siku ile..."
Hakumalizia.
Angeweza kumwambia kwamba ubongo uliolala
si ubongo uliokufa, kwamba kutokumbuka
si ushahidi wa kutokuwepo.
Ni kweli yote hayo. Hakuyasema.
Alimrudishia msalaba, bado una joto la mfuko wake.

Usiku wa manane, chumba cha upasuaji namba mbili,
alijibandika vihisio kwenye paji la uso
akasali ile sala ya mama yake ya kulalia,
jicho moja kwenye namba.
Tisini na saba.
Tisini na saba.
Akacheka: mashine imeyaona
mazungumzo ya kawaida tu.
Alipofika penye jina la mama,
tisini na sita.
Halafu tisini na saba tena.

Tofauti ya moja. Chombo chenyewe
hukosea zaidi ya hapo, anajua,
yeye ndiye hufundisha somo hilo.
Hata hivyo aliiandika, na saa yake,
nyuma ya risiti ya mkate.