Tarehe ya Kurudi

Kibaigwa, kabla mahindi mapya hayajashuka,
ghala namba tatu walilala watu.
Wa muda, alisema afisa, wa muda tu,
na neno hilo likakaa pale wiki kumi na moja
likitandika majamvi, likichemsha maji.

Nilikuja na boksi la chanjo begani,
barafu ikilia kabla sijavuka geti,
daftari, kalamu mbili, na mizani ya watoto
yenye kamba iliyokatika tangu Pasaka ya mwaka jana.
Kuli mmoja, Mazoya, akanionesha ndoano
wanakotundika magunia.
Aliifuta kwa shati lake. Mara mbili.
Basi tukawapima pale, ndani ya kanga,
mmoja mmoja, wakining'inia kimya.
Mji huu unaojua lumbesa
siku ile ulipima pungufu tupu.

Fomu inauliza: Kijiji. Kitongoji. Balozi.
Nabintu ananitazama mdomo.
"Munganga," ananiita,
neno ambalo kwetu watu hulisema chinichini
wakiwa na kuku mweusi kapuni,
"andika tu huku tuko."
Nikaandika: Huku tuko.
Mahali pa balozi nikaweka jina langu,
Sechelela, na namba ya simu.

Kadi ya mtoto ilizama ziwani pamoja na sufuria.
Nikatafuta kovu bega la kulia,
tunakochoma sisi.
Hakuna. Nimeshavuta dawa kwenye bomba
mama akamgeuza mwanawe taratibu:
kushoto, chini ya kiwiko,
kovu dogo kama punje ya uwele.
Muuguzi nisiyemjua, ng'ambo ya maji,
alishapita hapa.
Nikarudisha sindano, nikamsalimu moyoni.

Lakini kile kikohozi.
Kijiko asubuhi, kijiko jioni,
wakakohoa. Makohozi nikayapeleka Kongwa
kwa bodaboda, kwa nauli yangu; yakarudi safi.
Wakakohoa, wakatapika, vichwa vikawagonga.
Alhamisi niliinama kuokota pamba
nikasikia harufu ya kitunguu saumu
na hakuna jiko lililokuwa limewashwa.

Ghala namba mbili, ukuta mmoja,
walikuwa wanafukiza dumuzi.
Upande ule tunaua wadudu,
upande huu nagawa dawa ya kifua,
na tofali kati yetu lina ufa
unaopitisha kidole.

Nilikwenda kwa afisa na viatu vya vumbi.
"Hawa ni wa muda, sista."
"Mapafu hayana muda, bwana.
Njoo ulale nao leo. Usiku mmoja. Wa muda."
Akatazama simu yake, ikawa inamhitaji sana.

Magharibi ile Mazoya na wenzake
walibeba majamvi, ndoo, wagonjwa wawili,
bila kuuliza nani atalipa,
wakafunga maturubai uwanja wa mnada.
Upepo wetu wa Dodoma haukuwa na adabu,
ulimwaga mchanga ndani ya uji.
Watoto wakakohoa tena,
ila hicho nilikijua, ni kikohozi cha vumbi,
ndicho kilichonilea.

Mabasi yalikuja Jumatatu, saa tisa usiku.
Hakuna aliyenipigia.
Namba yangu ilikuwa kwenye fomu thelathini na nane
na fomu zilikuwa kwangu.
Nabintu peke yake alikuwa na kadi mpya:
Rudi tarehe 14,
na pembeni, kwa wino mwekundu,
kwa yeyote atakayeipokea huko,
Tazama mkono wa kushoto kwanza.

Tarehe kumi na nne nilijaza barafu.
Najua. Nilijaza tu.
Geti lilikuwa wazi, malori yamepanga foleni,
mahindi yamejaa mpaka kwenye mbao.
Mazoya alikuwa akipima, ndoano ileile.
Aliniona, akaliona boksi,
hakusema kitu,
akasogeza gunia nikakaa.