Banda la Velta

Uma wa mezani, meno mawili yamepindwa
kama kidole kinachoita: huo ni wa magugu
yaliyojificha katikati ya karoti.
Soksi ndefu za nailoni, alizovaa miaka yake ya posta,
amezikata vipande. Sasa zimeshika nyanya kiunoni.
"Kamba hukata," asema. "Soksi hubembeleza."
Chupa ya maziwa, kifuniko kimetobolewa kwa msumari wa moto,
matundu kumi na moja. Nilihesabu.
La kumi na mbili lilipasua kifuniko cha kwanza.

Mimi nilihamia Liepaja na seti nzima ya dukani,
mipini ya rangi ya chungwa, bei bado imebandikwa.
Kipya kinyemi.
Velta alichungulia juu ya ua, hakucheka.
Aliuliza tu kama koleo langu
limewahi kukutana na udongo wa mfinyanzi.

Lilikutana nao Aprili. Shingo ikakatika.

Nikaenda kwake na mpini mkononi kama mjinga wa harusi.
Akanifungulia banda.
Dirisha la shule iliyobomolewa limelazwa juu ya matofali;
chini yake saladi zinachipua, na kwenye kioo
mtoto fulani alikwaruza jina lake, ILMARS,
halafu kengele ikalia, nadhani, kwa maana S haikumalizika.

Nyuma ya mlango, peke yake kwenye msumari,
mkongojo wa Ansis.
Mpira wa chini umetolewa, ncha imechongwa,
na ubavuni mikato ya kisu: huu wa kitunguu,
huu wa kiazi, huu wa juu kabisa sikuuliza.

"Januari moja kuni ziliisha," Velta akasema.
"Nikautia jikoni. Nikautoa.
Nikachoma kiti."

Akanipa. Nikataka kuugongelea ardhini kwa nguvu.
"Hapana. Uegemee. Hiyo ndiyo kazi unayoijua."

Nikaweka kwapa pale palipolika.
Udongo ukafunguka bila ubishi.
Shimo, hatua. Shimo, hatua. Kitunguu, kitunguu.
Nilipogeuka, mstari wangu ulikuwa umepinda kushoto,
kidogo, kama mwendo wa mtu
anayeuhurumia mguu mmoja.

Nikainama kuusahihisha.
Velta, bado ameshika kapu la mbegu,
aliutazama kwa muda mrefu, tangu mwanzo hadi kwenye viatu vyangu.

"Usiunyooshe," akasema.